Jinsi ya kuitambua nyasi ya mkia wa sungura (Lagurus ovatus)

Ukiwa pwani ya Mediterania, tuseme Italia au Ugiriki, we cheki sehemu za mchanga karibu na bahari, hapo ndo kwao. Ni nyasi ya msimu mmoja tu, inakufa mwaka huohuo, na mara nyingi haivuki sentimita 50.

Anza na suke maana ndo kila kitu: liko kama yai, jeupe-jeupe, laini mpaka unatamani kulipapasa, na kweli lipapase! Sasa lisogeze karibu na jicho, utaona vijinywele virefu vimepinda vimechomoza nje ya zile manyoya, hizo ni nywele ngumu zinazoota kwenye maua, si miiba ya kuchoma, na kila kijisuke (kisehemu kidogo cha suke) kina ua moja tu. Halafu shika jani, nalo lina manyoya laini kama kitambaa cha mahameli.

Wengi wanaichanganya na nyasi nyingine, Polypogon monspeliensis, ambayo nayo ina suke la hariri, ila majani yake hayana manyoya na suke lake ni refu zaidi, so ukibaki na wasiwasi usihangaike na suke, papasa jani.

Jenasi (kundi la mimea ya ukoo mmoja) ya Lagurus ina spishi hii moja tu, mtaalamu wa mimea Linnaeus aliipa jina 1753.