Begi la haikingi ya siku moja, pakia kana kwamba giza litawakuta njiani

Watu wengi wakisikia haikingi, yani kutembea kwa miguu milimani au porini, ni ya siku moja, asubuhi kwenda jioni kurudi, wanabeba chupa ya maji na simu basi. Na mara nyingi wanarudi salama kabisa, ndo maana tabia yenyewe haiishi. Lakini begi la haikingi hulipakii kwa ajili ya siku ikienda vizuri, unalipakia kwa ajili ya ile siku mwenzako ameteguka kifundo cha mguu saa tisa mchana, hawezi kukanyaga chini, mvua ndo inaanza na barabara iko kilomita sita huko nyuma. Weka hiyo picha kichwani alafu uanze kupanga. Klabu moja ya wapanda milima ya Seattle, Marekani, inaitwa The Mountaineers, ilitoa orodha yake ya vitu 10 vya lazima tangu miaka ya 1930, na maswali nyuma ya orodha ile ni mawili tu: dharura ikitokea utaweza kuikabili? na ikibidi kulala nje usiku mmoja utafika asubuhi mzima?

Anza usiku wa kuamkia safari, sio asubuhi ukiwa na haraka. Kwanza piga hesabu ya muda maana huo ndo unakuambia ubebe maji kiasi gani. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, alafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 12 yenye mita 900 za kupanda ni karibu saa nne, na hapo hujapumzika, hujala, hujapiga picha, na kundi linatembea kwa mwendo wa yule anayechoka mapema. Mimi hiyo naihesabu saa sita. Kisha angalia jua linazama saa ngapi, rudi nyuma, na uamue kabisa kabla hujatoka nyumbani kwamba saa fulani ikifika tunageuza hata kama kilele kinaonekana pale.

Maji sasa. Kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea kwa mwendo wa kawaida, jua likiwa kali ongeza. Saa sita ni lita 3, yani kilo 3 mgongoni, na hapo ndo watu wanaanza kupunguza. Usipunguze maji, punguza vingine. Na usinywe maji matupu siku nzima bila kula kitu chenye chumvi, jasho linatoka na chumvi na ukijaza maji tu mwili unaishiwa nayo, kichwa kinauma, tumbo linachafuka, mtu anadhani ana kiu anazidi kunywa. Kama njiani kuna mto beba vidonge vya kusafishia maji au chujio, mto kuwa mweupe unaona mpaka mawe ya chini haimaanishi ni salama.

Nguo, hapa sikubembelezi, acha tisheti ya pamba nyumbani. Pamba ikilowa inabaki imelowa, inakugandia mgongoni, ukisimama tu upepo unapita baridi inaingia mpaka ndani. Vaa poliesta au sufu, juu yake sweta jepesi, na koti la mvua linaingia kwenye begi hata kama asubuhi hakuna wingu hata moja. Ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, kwa hiyo pale chini unapotokwa jasho na juu unapoenda kukaa kula sio hali ya hewa moja. Ongeza soksi za akiba na kofia. Jua nalo linachoma zaidi ukiwa juu hata kukiwa na mawingu, paka losheni ya kukinga jua.

Tochi iwe ya kichwani. Ya simu inakula chaji ya kitu pekee cha kuombea msaada, na inakuchukulia mkono mmoja wakati unahitaji yote miwili kushuka kwenye mawe. Siku moja nilitoa tochi yangu nikakuta imejiwasha yenyewe ndani ya begi tangu asubuhi, betri zimekwisha, tukashuka wanne kwa tochi mbili, hatua kwa hatua. Tangu siku hiyo betri moja naigeuza kichwa chini nikiwa nimepakia, naiweka sawa nikitaka kuwasha, na betri za akiba zinakaa pembeni.

Ramani pakua kwenye simu kabla, GPS inasoma setilaiti haihitaji mtandao. Alafu weka flaiti modi, maana simu inayotafuta mtandao porini inamaliza chaji haraka sana, na kwenye baridi iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Ramani ya karatasi na dira pia, ila ujifunze kuvitumia kabla.

Filimbi ifunge kwenye mkanda wa begi pale kifuani, isikae chini ya begi. Sauti ya mtu inakauka baada ya dakika chache za kupiga kelele, filimbi haikauki. Ishara ya milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Ukisikia milio mitatu ujue umejibiwa.

Kwenye dawa, bendeji ya kufungia kifundo, dawa zako mwenyewe za kila siku, na tepu. Tepu ndo utaitumia kuliko vyote. Ukisikia kisigino kinaanza kuwa cha moto simama pale pale, usiseme ntavumilia mpaka juu. Vua kiatu, kung'uta mchanga, kausha ngozi, bandika tepu bila mkunjo hata mmoja na kona zake umezikata duara zisije zikanyanyuka. Dakika tatu tu. Ukisubiri lengelenge litoke utachechemea njia yote ya kurudi.

Blanketi la dharura lile la foili ni jepesi mno, weka mawili. Ila mtu akiumia mkalishe kwanza juu ya begi au kamba, baridi ya ardhi inanyonya joto kuliko watu wanavyodhani. Kiberiti kwenye nailoni, kisu kidogo, chakula cha ziada zaidi ya unachopanga kula.

Kupakia: tanguliza mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya begi, kila kitu kiingie humo, maana kava ya nje ya mvua inavujisha mgongoni. Kizito kikae katikati karibu na mgongo, koti la mvua juu kabisa, mkanda wa kiunoni ufungwe.

Na kuna kitu hakikai kwenye begi. Mtu mmoja anayebaki nyumbani mwandikie njia mnayopita, mko wangapi, mnarudi saa ngapi, na saa ngapi ikipita bila simu yako aombe msaada. Ukifika chini mpigie kabla hujavua viatu.