Jinsi ya kuomba kumtolea mgonjwa usiyemjua sehemu ya ini lako

Anza na sheria. Kuna nchi zinazoruhusu ndugu pekee, na nyingine zinazokubali mtoaji asiyemjua mpokeaji. Ukishajua ulipo, tafuta hospitali inayopandikiza ini kutoka kwa watoaji walio hai, uzungumze na mratibu wa watoaji. Mwambie waziwazi kwamba hutoi kwa ajili ya mtu fulani.

Utajaza fomu ya umri, uzito, magonjwa, dawa na pombe. Jibu kwa ukweli mtupu. Hospitali nyingi hutaka mtu kuanzia miaka 18 hadi 55 au 60, mwenye afya njema.

Kisha vipimo: kundi la damu, VVU, homa ya ini aina ya B na C, moyo, halafu picha za CT na MRI zinazoonyesha ukubwa wa ini, mafuta yaliyomo, na namna mishipa na mirija ya nyongo ilivyojigawa. Wengi hukataliwa hapa, na mara nyingine kipimo hichohicho huwafichulia ugonjwa wasioujua.

Mahojiano na mtaalamu wa saikolojia yape uzito kuliko yote. Atauliza kwa nini unataka, nani atakuuguza, na utajisikiaje ini likikataliwa mwilini au mpokeaji akifariki. Usiende na majibu ya kukariri. Utakutana pia na mtu asiye wa timu ya upasuaji, ambaye kazi yake ni kukulinda wewe. Nchini Uingereza hutoa ripoti kwa mamlaka inayosimamia tishu za binadamu, na bila kibali cha mamlaka hiyo upasuaji haufanyiki.

Mwulize daktari wa upasuaji kuhusu kifo, naye akupe takwimu za hospitali yake. Kwa jumla hukadiriwa kati ya mtu 1 na 5 katika kila watoaji 1,000, na hatari huwa kubwa zaidi sehemu kubwa ya kulia inapokatwa. Mtu mzima kwa kawaida hupewa sehemu hiyo, kama asilimia 60 ya ini. Mtoto mdogo hutosheka na kipande cha kushoto, asilimia 20 hivi. Ini lako hukua tena karibu na ukubwa wake wa awali ndani ya miezi michache. Mfuko wa nyongo ukitolewa, haurudi.

Hulipwi chochote, kuuza kiungo ni kosa karibu kila mahali. Uliza mapema nani atabeba nauli na mshahara wa wiki 6 hadi 12 utakazokuwa nje ya kazi.

Saini yako haikufungi. Unaweza kujitoa hata asubuhi ya upasuaji, na mpokeaji hataambiwa ulikuwa nani. Usikubali mtu yeyote akuharakishe, hata kwa kukutajia mtoto anayesubiri.

Ukishatoka hospitalini, baada ya takriban wiki moja, usikose miadi ya kupima damu. Hospitali nyingine hupokea barua ya mpokeaji, huifuta majina, kisha hukuletea. Huenda isije kamwe. Likubali hilo kabla hujasaini.