Kabla hujamwaga dawa ya kuzuia magugu kwenye yadi

Sisi tunaokaa huku Ohio, Marekani, tunajua, ikifika Julai nyasi za mbele ya nyumba zinavamiwa na krabugrasi, lile gugu linalotambaa limejitandaza kama kaa, na hapo ndo watu wanakimbilia dukani kutafuta dawa ya kuzuia. Umechelewa ndugu yangu. Dawa hii ya punje haiui gugu lililoshaota, inakaa pale juu ya udongo inasubiri, mbegu ikichipua tu ule mzizi mchanga ukikutana na dawa unadumaa na habari yake inaishia hapo.

Waliolima nyumbani wanamjua sangari, basi huyu ni ndugu yake kabisa, ila sangari anarudi kwa mizizi yake ya chini, huyu wa huku baridi ikipiga anakufa anaacha mbegu. Ndo maana tunapambana na mbegu.

Sasa muda. Usiangalie kalenda, angalia udongo. Mbegu zinaanza kuchipua udongo ukifika kama nyuzi 13 za Selsiasi, yaani 55 za Farenhaiti wanazotumia Wamarekani, siku kadhaa mfululizo, na dawa iwe imeshaingia kabla ya hapo. Mi nachukua kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama, nakizamisha sentimita 5 asubuhi kabla sijaenda kazini, mke wangu ananiuliza ardhi leo ina homa ngapi. Hapa Ohio, mjini Columbus, mara nyingi inaangukia mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, wa Texas wanaanza mapema zaidi. Kama huna kipimajoto angalia kile kichaka cha forsithia chenye maua ya njano kabla ya majani, yakianza kupukutika ujue muda unakuacha. Ukichelewa kidogo tafuta mfuko wenye kiambato kinachoitwa ditiopiri, hiyo inawahi hata vichipukizi vidogo sana, kiambato kingine, prodiamini, hakikusaidii hapo.

Halafu hili limeniuma mimi mwenyewe: dawa haichagui mbegu. Nilimwaga dawa, wiki mbili baadaye nikapanda mbegu za nyasi kwenye vipara, nikamwagilia kila jioni kama mjinga, hakikuota kitu, ndege wakala zilizobaki. Amua moja, dawa sasa hivi na mbegu upande Septemba, au panda mbegu na dawa uache. Na nyasi changa zisubiri mpaka uzikate mara kadhaa, mfuko unasema ngapi.

Pima yadi kabla ya kununua, toa nyumba na njia ya gari, maana mfuko mwingi ni wa futi za mraba 5,000 na watu wanakadiria kwa macho tu. Kile kitoroli cha kumwagia kiseti namba iliyoandikwa kwenye mfuko ila uigawe nusu, upite mara mbili, mara ya pili ukikata msalaba, vinginevyo utaachia mistari na magugu yataota humohumo. Kandokando ya saruji usipaache, panapata joto mapema kuliko kwingine.

Baada ya hapo inahitaji maji kama sentimita moja hivi, weka kopo tupu la samaki wa tuna katikati ya nyasi uone limejaa kiasi gani, mvua ya rasharasha inafaa ila ile ya radi itakubebea dawa yote. Punje zilizomwagika kwenye saruji zifagie zirudi kwenye nyasi zisiende mtaroni, na watoto na mbwa wakae ndani mpaka pakauke.