Kabla ya kuvuka kutoka Lamu hadi Mokowe, bara, kwenda kuanza kemo (dawa za saratani)

Mama alipoambiwa ana saratani ya damu, tulitayarisha nauli na nguo. Uchovu hatukuufikiria, na ndio uliotuelemea kwanza. Huu si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ugonjwa hujaa ndani ya uboho wa mifupa, chembe nyekundu za damu hazitengenezwi za kutosha, kisha dawa nazo huzipunguza. Mgonjwa akisema hawezi kuinuka, tafadhali asiambiwe ajikaze.

Anzeni na nyumba. Ngazi za nyumba zetu za mawe ni kali, na vyumba vya kulala mara nyingi viko juu. Kitanda kishushwe karibu na choo kabla ya safari ya kwanza. Sisi tulichelewa: nilimkuta mama amekaa kipandio cha nne, kiganja ukutani, buibui limemteleza begani, hana nguvu ya kulivuta.

Kutoka jeti ya boti mpaka nyumbani, msimpandishe punda ikiwa chembe za kugandisha damu zimeshuka, maana akianguka atavuja damu. Zungumzeni mapema na mwenye mkokoteni, mtandike godoro.

Vidonge vya kuongeza damu na dawa za miti msimpe bila kumuuliza daktari. Mara nyingi anachohitaji ni kuongezewa damu, kwa hiyo ndugu walio tayari kuchangia wajulikane mapema.

Wekeni daftari la saa zake za nguvu. Mama alikuwa nazo baada ya alfajiri hadi saa nne, basi kuoga na kula vizuri tukavipanga hapo. Kukuna nazi kukawa kwa wengine. Baada ya alasiri alitembea taratibu hadi dakani, ukumbi wa mlangoni, na kurudi, maana kulala kutwa huzidisha uchovu. Wageni waingie wachache, wasikae sana, na mwenye kikohozi asubiri.

Kipimajoto kinunuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Kinga huwa chini zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dawa. Joto likifika 38, msimpe panadoli mkangoja kuche. Nendeni hospitali usiku uleule. Mlioko visiwa vya Pate au Kiwayu, ongeeni mapema na nahodha aliye tayari kuvuka usiku, na namba yake ijulikane na zaidi ya mtu mmoja nyumbani.