SOMO: Geuza kampuni yenu changa iwe gemu, mcheze kabla mnada haujafunguliwa

Somo hili ni la vijana wanaoanzisha kampuni wakiwa wawili watatu, wana fedha kidogo na hawana bosi wa kuwasukuma. Mnashinda mko bize, jioni inafika hakuna mteja hata mmoja aliyewajua. Michezo ya kuvaa uhusika ina dawa ya hilo. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, mchezaji anajua muda wote yeye ni nani, amebakiwa na uhai kiasi gani, na afanye nini ili apande levo. Waanzilishi wengi wa kampuni hawajui hata kimoja.

Mfano wetu: vijana watatu wa Mtwara mjini wanataka kuwatumia wakulima wa korosho ujumbe mfupi wa bei ya mnada na habari za malipo. Ujumbe wa kawaida kabisa, maana kijijini simu za vitochi bado ni nyingi.

Hatua ya 1: Gawaneni uhusika

Fundi, Mchuuzi, Mtunza Hazina. Kila mmoja aandike uwezo wake, 1 hadi 5, katika kutengeneza, kuuza, kuhesabu na kuvumilia kukataliwa. Wenzake wamsahihishe hapohapo. Kama hakuna anayezidi 2 kwenye kuuza, mmeshajua mtu wa nne mnayemhitaji.

Kuna faida nyingine hapa ninayoithamini sana. Kijana mwenye haya, anayeona tabu kumsimamisha mzee barazani kwake, akipewa Uchuuzi anakwenda. Amepewa ruhusa ya kuwa mtu jasiri kwa siku hiyo.

Hatua ya 2: Hesabuni uhai

Fedha mliyonayo, gawanyeni kwa matumizi ya mwezi. Mkiwa na 1,800,000 na mnatumia 300,000, mna mioyo 6. Ichoreni ukutani. Mwezi ukiisha mnafuta mmoja, isipokuwa mapato yamelipia mwezi huo. Fedha ya kukopa msiichoree moyo.

Hatua ya 3: Pointi

Hapa ndipo gemu hufa au huishi. Sheria ni moja: pointi inatoka kwa mtu wa nje tu. Jedwali ninalopendekeza:

- Kumsikiliza mkulima shambani bila kumuuzia kitu: 5
- Mkulima kukataa na kueleza sababu: 10
- Mkulima kulipa: 30
- Mkulima yuleyule kulipa tena: 60
- Nembo, fulana, ukurasa mpya, kikao chenu wenyewe: 0

Msishangae kukataliwa kuzidi kusikiliza. Mzee akisema "bei naisikia bure pale chamani, ninachotaka ni kujua hela inaingia lini", amewaokoa na miezi ya kutengeneza kitu ambacho hakitanunuliwa. Hizo 10 ni halali, ila sababu iandikwe kwa maneno yake mwenyewe. "Hakupenda" haina pointi.

Hatua ya 4: Ramani na bosi

Levo 1 ni Mikindani, nauli ni ndogo. Levo 2 Nanyamba, kisha Tandahimba na Newala, halafu Masasi. Hampandi mpaka wateja 10 wa levo mliyopo wawe wamelipa mara mbili. Usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya halmashauri havina pointi, lakini bila hivyo lango la levo 2 halifunguki.

Bosi mkubwa, yaani pambano gumu kuliko yote kwenye gemu, ana msimu wake. Minada huanza mwezi wa Oktoba. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), chama kikuu cha ushirika kama TANECU au MAMCU kinauingiza mnadani, na fedha inafuata baadaye. Katikati hapo mkulima anauliza kila siku. Huduma yenu itapimwa kwenye wiki hizo, na mkizikosa mnasubiri msimu mwingine.

Hatua ya 5: Dadu ya mikasa

Andikeni mikasa sita: bei imeshuka, mvua imewahi, Fundi kapata ajira Dar, AMCOS imewanyima taarifa, kangomba (wanunuzi wa korosho wa kinyemela) wamepita na kumaliza mzigo kijijini, gharama za ujumbe zimepanda. Kila Jumamosi rusheni dadu, kisha mna dakika 20 za kuamua mngefanya nini. Ikija 4, kwa mfano, nani anakwenda kuonana na katibu? Anakwenda na barua gani? Jibu liandikwe daftarini.

Msimamizi wa mchezo asitoke kati yenu. Mtafuteni mtu mzima anayejua biashara, mama mwenye duka la jumla kwa mfano, awasomee pointi bila kuwaonea aibu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Newala:* Shikamoo mwalimu. Mimi niko peke yangu, nitachezaje?

Marahaba. Vaa uhusika kwa siku. Jumatatu na Jumanne Mchuuzi, na siku hizo kompyuta usiifungue. Fundi anakuja Jumatano, akiwa na malalamiko ya wateja mkononi. Ijumaa jioni hesabu.

*Mwanachama, Lindi:* Mwenzetu analeta pointi nyingi, ila wanaolipa ni shangazi zake na wajomba.

Ndugu akilipa mara ya kwanza ni 0. Akilipa tena bila kukumbushwa, huyo ni mteja, mpeni mwenzenu 60 zake. Tangazeni sheria hiyo mbele ya msimamizi, msimseme pembeni.

*Mwanachama, Masasi:* Kaka, pointi tuzigeuze hisa?

Hapana. Hisa zikae kwenye makubaliano yaliyosainiwa tangu mwanzo. Pointi zikigeuka mali, kila mtu atakimbilia kazi yenye pointi nyingi, na hesabu za Mtunza Hazina hazitakuwa na mtu.

*Mwanachama, Mtwara mjini:* Tumebakiwa na moyo mmoja, na Oktoba bado iko mbali.

Sitisheni misheni zote za kutengeneza, hata iliyobaki kidogo. Fundi naye atoke na Mchuuzi. Warudieni waliowahi kulipa, waulizeni nini wangelipia wiki hii, na muwauzie hicho hata kama mtakifanya kwa mkono, kwa kupiga simu moja moja.