Jinsi ya kusoma rangi za sungura wa masikio ya kulala na kujua watazaa watoto wa rangi gani

Baba toti (rangi ya chungwa ya kahawia yenye weusi puani na masikioni), mama toti, alafu kwenye kiota kuna katoto kamoja ka rangi ya moshi. Cha kwanza watu wanachofikiria ni kwamba kuna dume lingine liliingia bandani. Mara nyingi hakuna dume lolote lililoingia, hiyo rangi ilikuwemo kwa wazazi wote wawili imejificha tu, na ukijua kuisoma utaona hata kabla jike hajabeba mimba kwamba inaweza kutokea.

Kwanza tuweke kitu kimoja sawa: masikio kulala hakuhusiani na rangi. Jeni za rangi ni zilezile kwa sungura wote, awe wa masikio ya kusimama au ya kulala, ko hivi nnavyoeleza vinafanya kazi kwa Holland Lop, Mini Lop, French Lop na hata English Lop. Tofauti ni rangi gani zimejaa kwenye aina gani, na kwa hawa wadogo kina Holland Lop, toti ndo imejaa kila kona, kwahiyo nitakaa hapo muda mrefu kidogo.

Jeni hizi zinaandikwa kwa herufi, na za kuanzia ni tano, A, B, C, D na E. Kila sungura ana mbili za kila herufi, moja katoa kwa baba moja kwa mama. Herufi kubwa ndo yenye nguvu, ikiwepo moja tu inatosha kuonekana, ndogo inajificha mpaka zikutane mbili. Usizikariri kwa mpangilio huo lakini, mchukue sungura mkononi umuulize maswali.

Swali la kwanza ni A, yaani unywele umepakwaje. Puliza manyoya ya ubavuni taratibu mpaka yafunguke. Ukiona miviringo, rangi moja chini, nyingine katikati, nyingine juu, na tumbo jeupe na duara jeupe kuzunguka jicho, huyo ni aguti, ana A kubwa angalau moja. Ukikuta mgongo ni rangi moja bila miviringo ila tumbo na kuzunguka macho ni kweupe, huyo ni ota, jeni yake inaandikwa at na iko katikati, inashindwa na A kubwa ila inaishinda a ndogo. Akiwa rangi moja mpaka tumboni, ni aa, biashara imeisha.

B ni rahisi: nyeusi au chokoleti. Ukitilia shaka mpeleke kwenye mwanga, jicho la chokoleti linatoa wekundu fulani kwa ndani. D nayo ni kukolea au kupauka. Nyeusi ikipauka (dd) inakuwa ile ya kijivu ambayo wafugaji wanaiita bluu, chokoleti ikipauka inakuwa lilaki, ko lilaki ni bb na dd kwa pamoja, ndo maana haionekani ovyo, inahitaji jeni nne zinazojificha zikutane kwa mtoto mmoja.

C ndo ina ngazi ndefu. Juu kabisa C kubwa, rangi kamili. Chini yake chinchila ambayo inafuta manjano na kuacha nyeusi na weupe, kisha sebo inayopunguza hata nyeusi inakuwa kahawia ya kuivaivia, kisha himalaya ambaye mwili ni mweupe na rangi iko puani, masikioni, miguuni na mkiani tu, na mwisho kabisa c ndogo ambayo zikiwa mbili ni mweupe wa macho mekundu. Kila ngazi inaishinda ya chini yake, ila sebo haishindi vizuri, akiwa na sebo moja na himalaya au c ndogo upande wa pili anakuwa mwangavu kuliko mwenye sebo mbili. Na hizi za chini zinasikiliza baridi. Himalaya rangi yake inatengenezwa sehemu za mwili zilizopoa tu, ko katoto kakipigwa na baridi kiotoni kanaweza kutoka na madoa ya moshi mgongoni ambayo yataondoka akibadilisha manyoya, usije ukamtoa bure.

Sasa E, na hapa ndo toti anapoingia. E kubwa inaruhusu nyeusi ienee unywele mzima. Zikiwa ee nyeusi inazuiliwa, inabaki manjano au chungwa. Mwenye A kubwa akiwa ee anakuwa wa chungwa, safi, tumbo jeupe. Mwenye aa akiwa ee ndo toti: mgongo chungwa ya kahawia, alafu nyeusi imekimbilia puani, masikioni, mbavuni chini, miguuni na mkiani. Yaani toti ni sungura mweusi ambaye weusi wake umezuiliwa, ukishaelewa hilo mambo mengi yanafunguka. Wanaochanganya chungwa chafu na toti waangalie tumbo tu, la chungwa ni jeupe au krimu, la toti ni jeusijeusi. Kati ya E na e ndogo kuna ej, hiyo ni halikwini, mabaka mabaka. Na juu ya E kuna stili, hii inasumbua sana, inaficha alama za aguti na kwa sungura wa aa haionekani kabisa, anaonekana mweusi wa kawaida, ko kwenye ukoo wenye stili usiape kwa macho.

Baada ya maswali, andika. Chukua karatasi, andika unachokiona na usichokijua weka mstari. Toti mweusi ni aa B_ C_ D_ ee. Usijaze mstari kwa kukisia, hapo ndo watu wanajidanganya. Mistari inajazwa na watu wawili tu, wazazi wake na watoto wake. Mama yake alikuwa bluu? Basi lazima alimpa d ndogo, andika Dd. Amezaa mtoto mweupe wa macho mekundu? Basi ana Cc, na mwenzake pia ana c ndogo, haiwezi kutoka upande mmoja. Na yule mtoto wa moshi wa mwanzoni ni toti wa bluu, aa B_ C_ dd ee, ko wazazi wote ni Dd na kila mtoto wao ana nafasi moja kwa nne ya kutoka hivyo. Kila mtoto, sio kila uzao. Watoto wanne wanaweza kutoka wote bila bluu hata mmoja, na uzao unaofuata wakatoka watatu, hesabu haivunjiki kwa hilo.

Tuseme una jike aguti ambaye baba yake alikuwa toti. Baba toti hana kingine cha kutoa ila a ndogo na e ndogo, ko huyu jike ni Aa Ee, hata kama unamwona aguti safi. Mpandishe na dume toti, aa ee. Jike anaweza kutoa A na E, au A na e, au a na E, au a na e, na dume anatoa a na e tu kila siku. Unapata aguti, chungwa, mweusi na toti, kila mmoja robo. Rangi nne kwenye ndoa moja! Sasa geuza, toti kwa toti: hakuna A, hakuna E, watoto wote ni aa ee. Wanaweza kuwa toti weusi, bluu, chokoleti, lilaki, wanaweza kupauka wakiwa na sebo, au wakawa weupe, lakini mweusi mtupu hatoki na chungwa hatoki. Ukiona mweusi kweli kiotoni kwa toti wawili, hapo sasa ndo ulizia lile dume la pembeni, au uangalie upya kama mzazi mmoja ni toti kweli.

Mweupe wa macho mekundu anahitaji tahadhari yake. c ndogo mbili ni shuka jeupe lililotandazwa juu ya kila kitu, chini kuna A, B, D na E zake kamili na zinarithiwa kama kawaida, we huzioni tu. Ndo maana mtu ananunua mweupe mzuri, anampandisha, kiota kinajaa aguti na chokoleti anachanganyikiwa. Kama huna karatasi ya ukoo wake, mpandishe kwanza na toti wa chokoleti, atakuonyesha alichoficha upande wa A, B na E mara moja.

Hiyo ndo njia ya kupima kitu chochote kinachojificha: mpeleke kwa mwenye zile herufi ndogo mbili. Unataka kujua kama mweusi wako amebeba chokoleti, mpe mwenzi wa chokoleti. Katoka mtoto mmoja tu wa chokoleti, jibu ni ndiyo, huhitaji wa pili. Wakitoka weusi watupu, kila mtoto anapunguza shaka kwa nusu, kama kweli anaficha, nafasi ya kutoa watoto 5 weusi watupu ni 1 kwa 32, wakifika 7 ni 1 kwa 128, mi hapo nalala.

Nje ya zile tano kuna mbili ambazo lazima uzijue. Ya madoa inaandikwa En. Mwenye moja ni wa madoa ya kawaida, asiye nayo ana rangi mwili mzima, na mwenye mbili wanamwita Charlie, karibu wote ni mweupe, kabaki na masikio, duara za macho na kasharubu. Madoa kwa rangi nzima inakupa nusu kwa nusu. Madoa kwa madoa inakupa robo Charlie, na baadhi ya hawa wanapata shida ya utumbo mpana kutanuka na chakula kutopita vizuri, ko binafsi sioni sababu ya kupandisha madoa kwa madoa wakati njia ya kwanza inakupa madoa yaleyale. Ukishakuwa na Charlie mzima wa afya, ukimpandisha na rangi nzima watoto wote wanatoka na madoa.

Ya pili ni Vienna, v. Mbili zinatoa mweupe wa macho ya bluu. Moja tu inaweza isionekane, au ikaacha alama nyeupe puani, kwenye paji au miguuni, wakati mwingine jicho moja la bluu. Shida yake ni kwamba alama hizo zikikutana na madoa ya En hutajua kipi ni kipi tena, ko tenga hizo koo mbili, usizichanganye kabisa.

Na kuna watoto wale wadogo mno wanaokufa siku za mwanzo kwa hawa Holland Lop, watu wanasingizia rangi. Hapana, hiyo ni jeni ya udogo, imetoka kwa Netherland Dwarf ambaye Adriaan de Cock wa Uholanzi alimchanganya na French Lop kutengeneza aina hii. Nakala mbili za hiyo jeni mtoto haishi, na wazazi wote wakiwa nayo moja moja ni robo ya watoto. Rangi haina kesi hapo.

Watoto wakizaliwa wako uchi, usiandike rangi siku hiyo. Ngozi nyeusi au ya kijivu inaonekana mapema, lakini mweusi na aguti wanafanana siku za mwanzo, angalia ndani ya sikio na tumboni, aguti pako kweupe. Toti na chungwa wote wanaanza na waridi, toti anaanza kuonyesha kivuli pembeni manyoya yakiota. Macho yanafunguka karibu siku ya 10, hapo ndo weupe wa macho mekundu na wa bluu wanatengana. Andika kwa penseli, alafu rudi uangalie tena wakimaliza kubadilisha manyoya ya utoto, hasa wenye sebo maana hao wanageuka sana, na ukishahakikisha ndo urudi kwenye karatasi za wazazi ujaze mistari iliyobaki.