Kabla Hujalipia Programu ya Maombi ya Sola

Muuzaji wa programu akija ofisini kwetu Malindi, faili la kwanza ninalomwonyesha ni la nyumba moja ya Shela. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima. Kitambulisho kinasema Fatuma, pini ya KRA, ile namba ya kodi, inasema Fatma, na akaunti ya stima ingali na jina la marehemu babake. Paneli zimekaa vizuri juu ya slabu, inveta inayogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani haina neno, fundi ana leseni. Ombi lake la kuunganisha sola hiyo na laini ya kampuni ya umeme limerudishwa mara tatu. Namuuliza muuzaji: programu yako itamsaidiaje mama huyu? Wengi hunifungulia ukurasa wa grafu za rangi.

Maombi yenyewe ni ya mtu mwenye sola anayetaka umeme wake wa ziada uingie kwenye laini ya kampuni ya umeme, na mita ihesabu unaotoka na unaoingia. Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba huo, na kanuni zake zikatoka 2024: kwa kila yuniti unayopeleka, unarudishiwa nusu. Usiyachanganye na shamba la sola la Langobaya, lile la megawati 40 linaloingiza umeme kwenye gridi ya taifa tangu Desemba 2021. Lile lina mkataba wake wa kuuza umeme na wanasheria wake. Haya yetu ni ya gesti, madrasa, duka la samaki lenye friza sita, kila mmoja na bahasha yake ya kaki.

Basi kabla hujasikiliza bei, toa mafaili 20 ya zamani, yatandaze mezani, uandike kando ya kila moja sababu iliyolirudisha. Usiandike "halikukamilika". Andika kilichokosekana. Sisi tulipofanya hivyo tulidhani michoro ya umeme ndiyo itakayoongoza kwa makosa, kumbe ni majina, yakifuatwa na leseni za mafundi. Programu isiyoweza kuyashika makosa hayo mwombaji akiwa bado anajaza fomu ni kabati la mafaili lenye nywila.

Majina yanataka subira. Huku kwetu Muhammad, Mohamed na Mahamed huweza kuwa mtu mmoja, na nyumba hukaa kwa jina la babu miaka 20 baada ya matanga. Fomu ikidai jina la mwombaji lilingane herufi kwa herufi na la akaunti, itamfungia nje mwenye haki. Dai sehemu mbili tofauti, moja ya jina la mwombaji na nyingine ya jina lililo kwenye akaunti, na pawe na mahali pa kubandika karatasi inayowaunganisha, iwe hati ya mirathi kutoka mahakama ya Kadhi au barua ya warithi. Afisa aone yote pamoja kisha aamue yeye, si mashine. Pini ya KRA, kinyume chake, iachie mashine: ni herufi moja, tarakimu tisa, herufi moja, na anayeandika O mahali pa sifuri aambiwe papo hapo, si baada ya wiki tatu.

Leseni nayo ina mtego. Kwa kanuni za sola za 2012, fundi wa daraja la T1 ni wa mifumo midogo; kazi ya kuunganisha na gridi ni ya T3. Programu ikague daraja, kisha ikague tarehe mara mbili: siku ombi linapoingia na siku ya ukaguzi wa nyumba. Leseni hufa katikati ya safari na hakuna anayetazama.

Picha ya kibandiko cha inveta ni jambo dogo lililotupotezea siku nyingi kuliko yote. Kibandiko kina namba ya mtambo, nguvu yake na viwango vya majaribio ulivyopita. Fundi huifunga inveta kwenye kibaraza kinachotazama bahari, ubavu wenye kibandiko ukielekea ukutani, na kwa upepo wa kusi chumvi haichelewi kufifisha maandishi. Ombi likirudishwa kwa sababu picha haisomeki, mtu anapanda ngazi na kioo cha kunyolea ndevu akijaribu kusoma tarakimu zilizopinduka. Nimeyaona kwa macho yangu, Mayungu. Fomu iitake picha hiyo mwanzo kabisa, kabla inveta haijatundikwa, na ikatae picha yenye ukungu. Usiione kama urasimu: stima ikikatika, inveta ya gridi lazima iache kusukuma umeme kwenye laini, la sivyo fundi aliye juu ya nguzo anashika waya anaodhani umekufa. Kibandiko hicho ndicho kinachomwambia mkaguzi kama mtambo ulijaribiwa kwa hilo.

Suala la foleni watu hulipuuza mpaka liwafike. California walikuwa na tarehe ya mwisho, Aprili 14, 2023: maombi yaliyoingia kufikia siku hiyo yakabaki kwenye masharti ya zamani, na waliokuja baadaye wakapewa masharti mapya yenye malipo madogo kwa umeme wanaopeleka. Mafuriko ya maombi yalikuwa makubwa. Hapo saa iliyorekodiwa na programu ni pesa ya mtu kwa miaka mingi. Kwetu hata bila tarehe kama hiyo, transfoma ya mtaa haibebi sola bila kikomo, na aliyetangulia ndiye anayepata nafasi. Kwa hiyo uliza: ombi likirudishwa kwa kosa dogo, linabaki na tarehe yake au linaanza upya mkiani? Kosa gani ni dogo? Jibu hilo liandikwe na ofisi yenu, mkubaliane, hata mkigombana, ndipo programu ielekezwe. Mkimwachia muuzaji, ataweka alichowawekea wateja wake wa kwanza.

Wateja hao mara nyingi wako mbali. Marekani kampuni za umeme hutumia programu kama PowerClerk ya Clean Power Research, yenye fomu, sahihi za kidijitali, vikumbusho na ripoti, na kazi hiyo inaiweza. Lakini huko nyumba ina namba na mtaa. Hapa anwani ni "nyuma ya msikiti, mkabala na mwembe uliokatwa". Hitaji alama ya ramani, namba ya mita na picha ya nguzo iliyo karibu.

Stima ikikatika intaneti huenda nayo, kwa hiyo fomu ijihifadhi yenyewe ndani ya simu. Taarifa ziende kwa meseji ya kawaida, kwa kuwa wazee wengi wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe, na ziwe kwa Kiswahili kinachosema kitu: "Imerudishwa, picha ya inveta haisomeki."

Nakala za vitambulisho zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, una saa 72 kumjulisha Kamishna. Anza kwa kuvunja ile tabia ya mafundi kurushiana vitambulisho vya wateja kwenye kundi la WhatsApp. Mkataba nao useme utayatoaje mafaili yako siku ukihama, na kwa gharama ya nani. Na kila hatua iwe na watu wawili wenye ruhusa, maana afisa mmoja akienda likizo ya Idi, foleni nzima hulala kwenye kioo chake.

Mwisho, jaribu na mtu wa kweli, amesimama mbele ya mita juani, si na kijana wa ofisi. Sisi tulimpa simu yule mama wa Shela na programu tuliyokuwa karibu kuilipia. Alifika penye kisanduku cha msimbo wa posta, akasita, akatazama mita, akaandika namba ya mita yote humo. Programu ikakubali, ikampongeza na kumpeleka ukurasa unaofuata. Jioni hiyo tulimpigia muuzaji kumwambia asubiri kwanza.